Udongo Ulioshindiliwa Mkavu

Msabah alikuwa na sikio zuri, na sikio hilo ndilo lililokuja kumponza.

Kazi yake ilikuwa kushindilia. Misingi, sakafu, vifusi vya nyumba mpya, kuanzia Kiembe Samaki alikokaa yeye na mkewe Mwatima, mpaka Chukwani, mpaka huko nyuma ya Mwanakwerekwe ambako watu siku hizi wanajenga hadi ndani ya mabonde ya mpunga. Akishamaliza kushindilia alivua viatu, akatembea taratibu juu ya udongo, akapiga kisigino hapa na pale huku ameinamisha kichwa. Ardhi ikilia kavu na kali, alitabasamu. Ikijibu kwa sauti nzito ya chini kwa chini, aliwarudisha vibarua kwenye mashindilio yao na hakutaka kusikia habari ya jua wala ya chakula. Vibarua walimtania kwamba fundi anabisha hodi kuzimu. Naye aliwajibu kwamba akiitikiwa atawaambia.

Sikio lile alilipata Mji Mkongwe. Alitoka kwao Makunduchi akiwa kijana mbichi, kutoka ardhi ya mawe matupu ambako mtu hupanda muhogo kwenye nyufa za jiwe, akaingia mjini na kupata kibarua kwenye ukarabati wa majumba ya kale. Huko walipiga dari. Chokaa na kokoto humwagwa juu ya boriti, kisha watu hujipanga mistari, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na kirungu chake, wakapiga kwa nyimbo kutwa nzima, siku baada ya siku, huku wakinyunyiza maji ya chokaa, mpaka virungu vikaanza kuruka vyenyewe na dari ikalia. Dari ikishalia imeiva, na chokaa ikishaiva hairudi nyuma. Msabah aliipenda kazi ile mapenzi ya kweli, akaondoka nayo na kanuni moja kichwani, kwamba kinacholia kimeiva.

Kanuni hiyo aliihamishia kwenye udongo, na kwa miaka mingi haikumwangusha. Sehemu za juu za Unguja zina kinongo, udongo mwekundu ulio mwepesi kutii. Ukiushindilia unashika, ukishika unatulia. Nyumba zake zikasimama bila ufa, jina lake likapaa, na mtu akishasifiwa miaka yote hiyo kumwambia kitu ni shughuli. Msabah hakuwa mtu mbaya. Alikuwa haambiliki, basi, na kati ya mambo hayo mawili sijui lipi limeua watu wengi zaidi.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Tahiya. Tahiya alipoposwa na Hamad, kijana wa Tumbatu aliyekuwa fundi wa mashine za boti bandarini, Msabah alifurahi mpaka akajisahau, maana Hamad alikuwa mpole, msikivu, na tayari ana kiwanja. Kiwanja chenyewe kilikuwa bondeni, kwenye mpunga wa zamani nyuma ya Mwanakwerekwe. Hamad alikuwa amepanga kuleta malori ya kifusi cha mawe kutoka Chukwani, ajaze kwanza ndipo ajenge. Msabah alimzuia.

"Kifusi cha nini, na udongo umejaa tele hapo ulipo?" alimwambia. "Chimba hapo hapo, jaza hapo hapo. Nyumba ya mwanangu nnashindilia mie mwenyewe. Au huniamini?"

Hamad angejibu nini? Mkwe ni mkwe.

"Nnakuamini, baba," alisema, na malori yakaghairiwa.

Aliyejaribu kusema ni Mwatima. Utoto wake aliumalizia ndani ya mabonde ya mpunga na mama yake, na udongo ule mweusi wa bondeni, kinamo, aliujua kwa miguu.

"Baba Tahiya, kile si kinongo," alimwambia huku anamtilia chai. "Kinamo wakati wa kaskazi, jua likipiga, kinavunja jembe. Masika yakija kinakuvua kiatu. Na kinapanda kile, kinashuka kile. Vibanda vyetu vya kuwingia ndege wasile mpunga tulikuwa tukivisimamisha upya kila mwaka."

"Hivyo vibanda mlivishindilia?"

"Nani ashindilie kibanda cha kuwingia ndege?"

"Basi," alisema Msabah, akanywa chai yake.

Kaskazi ya mwaka ule ilikuwa kali, na harusi ilitakiwa ipite kabla ya Ramadhani. Kinamo kilikuwa kimekauka mabonge mabonge, magumu kweli kweli. Kawaida ya mshindiliaji ni kunyunyiza maji, na Msabah alijaribu, lakini kinamo kikipata maji kinanata. Kila shindilio lilipoinuliwa liliinuka na bonge la udongo limeganda chini yake, na kisigino kilipopiga hakikurudishiwa sauti yoyote. Msabah akaona anachezewa. Akaamuru maji yasitiwe tena. Mabonge yakapondwa makavu, yakamwagwa ndani ya msingi tabaka juu ya tabaka, yakashindiliwa makavu vile vile. Na yakalia! Yalilia kama dari. Msabah katika umri wake wote hakuwahi kusikia udongo ukilia namna ile, na macho yalimlenga machozi ya furaha.

Kwa kuwa ilikuwa nyumba ya mwanawe, akazidisha. Pale ambapo kwa mtu mwingine angesema inatosha, kwa Tahiya alirudia, akarudia tena, shindilio mkononi mwake mwenyewe, jasho likimchuruzika na wimbo wa kupigia dari mdomoni. Juu yake ikamwagwa zege nyembamba, kuta za matofali zikapanda, mabati yakapigwa. Harusi ikapita, bibi harusi akaingia kwake, na wageni walipoisifia sakafu Msabah alijitia hamnazo huku neno moja halimpiti.

Masika yaliyofuata yalikuwa haba. Hata hivyo mlango wa chumba cha kulala ulianza kukwama. Msabah alikuja na randa, akauchonga chini, akasema mbao zilikuwa mbichi. Ilipofika kiangazi mlango ukalegea, chini yake ukabaki mwanya wa kupita panya, na kwenye kona ya nyuma ukajitokeza ufa uliopanda ngazi ngazi kwa kufuata matofali. Msabah akaja na saruji, akauziba, akapaka rangi. "Nyumba mpya inajikalisha," alimwambia Hamad. Hamad akaitikia. Tahiya, ambaye tayari alikuwa mjamzito, alimwangalia tu baba yake akipangusa mwiko, akamletea maji ya kunywa.

Uchungu ulipokaribia, Tahiya alihamia Kiembe Samaki kwa mama yake, kama ilivyo ada kwa uzazi wa kwanza. Akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Muzdalifa. Angekaa pale mpaka atimize arobaini yake, akandwe, alishwe, kisha mumewe aje awachukue. Msabah alimpakata mjukuu wake akawa haambiwi wala hasemezwi.

Mtoto hajaanza hata kukaza shingo, masika yakaingia, na safari hii yaliingia kwa hasira. Mvua ilinyesha usiku na mchana. Msabah akaenda bondeni kuitazama nyumba, Hamad akiwa kazini. Alipousukuma mlango wa chumba haukwenda, ikabidi aupige bega. Ndani, sakafu ilikuwa imevimba katikati, zege imepasuka vipande na kuinuka. Ufa wa kona ulikuwa umerudi, umepanuka kiasi cha kuingiza vidole. Nje, maji yalikuwa yamesimama nyuma ya ukuta, na pale kwenye kingo za msingi udongo aliokuwa ameushindilia kwa mikono yake ulikuwa umelainika kama unga uliokandwa. Akavua kiatu, akapiga kisigino. Hakikulia kitu.

Kiwanja cha jirani kilikuwa na kazi kubwa wakati ule. Mashine ilikuwa imechimba kinamo chote na kukitupa, na malori yalikuwa yakimimina kifusi cha mawe mahali pake. Msimamizi wake alikuwa kijana anayeitwa Abdulhakim, aliyesomea mambo ya udongo, na Msabah alikwisha kumcheka mbele ya vibarua kwamba anatupa udongo mzuri ili aokote mawe. Siku hiyo hakucheka. Aliingiza mkono chini ya zege iliyopasuka, akachokonoa donge kutoka ndani kabisa ambako maji yalikuwa bado hayajafika, akalipeleka.

"Shikamoo, Fundi Msabah."

"Marahaba. Hebu nitazamie udongo huu."

"Umetoka wapi?"

Msabah alionesha kwa kidevu nyumba ya mwanawe.

Abdulhakim alilipokea lile donge. Alichukua ndoo ya maji, akalitumbukiza donge. Vipovu vikaanza kupanda juu, vingi, vya haraka. Donge likafumuka pembeni, likapasuka, likamomonyoka, na muda si muda likawa uji chini ya ndoo. Kisha akatoa donge jingine la kinamo kile kile, alilolikanda na maji kidogo na kulishindilia ndani ya kopo kwa ajili ya majaribio yake, nalo akalitia ndani ya ndoo. Hilo likakaa. Lililainika juu juu tu, lakini likakaa.

"Huo wenu ulishindiliwa mkavu, mzee," alisema. "Ukiwa mkavu ni mgumu kuliko huu wangu, sikatai. Lakini ndani umebaki na hewa, na kinamo kina kiu. Maji yakiingia kinakunywa, kinavimba, kinainua kila kilicho juu yake. Halafu nguvu yote inakwisha. Huu wangu ulipata maji yake ya kiasi, ukashikana. Ukiupiga haulii, lakini umetulia. Na maji yakizidi nako unaharibu, utakuwa unaupiga unakimbilia pembeni tu, na ukikauka unapasuka."

Msabah aliinamia ndoo. "Na ukishindiliwa sana? Mkavu, lakini sana, kuliko kawaida?"

Abdulhakim alimwangalia, akaelewa anaulizwa nini, na akatamani asingeulizwa.

"Hapo ndio mbaya zaidi, mzee wangu. Kadiri ulivyobanwa mkavu, ndivyo unavyovimba."

Msabah alisimama pale mvua ikimdondokea, na mbele ya macho yake alijiona akirudia na kurudia kwa mapenzi ya mwanawe.

"Sasa nyumba?" aliuliza.

"Watu watoke. Maji yaondoshwe nyuma ya ukuta, iachwe mpaka ikauke, ndipo tuitazame. Inaweza kusimama, inaweza isisimame. Nani anakaa mle?"

"Mkwe wangu peke yake kwa sasa."

"Basi mwambie atoke leo. Usingoje kesho."

Angemwambia. Njia nzima alipanga maneno. Lakini kila alipoyapanga aliona nyuso za watu wa Tumbatu waliokula biriani ya harusi juu ya sakafu ile, akaona vibarua wakicheka, akamwona Hamad akikumbuka malori ya Chukwani. Asubuhi yake, badala ya kumtafuta Hamad, alichukua jembe na sururu, akarudi bondeni, akachimba mfereji nyuma ya ukuta peke yake mpaka mikono ikatoka malengelenge. Maji yakaanza kuondoka. Akajituliza kwa hilo. Inaweza kusimama, ndivyo alivyosema kijana mwenyewe, na Msabah aliushika upande huo wa maneno akauacha ule mwingine.

Arobaini ikatimia. Nyumba ya Kiembe Samaki ilijaa wanawake, udi na vicheko, na Hamad alikuja na nguo mpya za mkewe na beseni la kuogeshea mtoto. Kabla ya kuondoka alimvuta mkwewe pembeni, barazani.

"Baba, ule ufa umerudi. Na chini pamevimba, mlango nnaufungua kwa kupigana nao. Nlikuwa nnafikiri labda mama Muzdalifa na mtoto wakae hapa kwako mpaka masika yapite. Weye unaonaje?"

Mlango wa kutokea alifunguliwa na mkwewe mwenyewe. Alichotakiwa ni kusema naam. Asingehitaji hata kueleza, maana hakuna babu anayeulizwa kwa nini anataka kukaa na mjukuu wake. Lakini Msabah alisikia swali jingine ndani ya swali lile, akasikia sakafu yake ikishitakiwa, na kiburi kikamtangulia mdomoni.

"Nyumba nimeishindilia mie," alisema. "Ingekuwa na neno si ningekwambia? Nimeshachimba mfereji, maji yanakwenda. Mchukue mkeo."

"Sawa, baba," alisema Hamad.

Ukuta wa nyuma ulianguka asubuhi moja ya wiki hiyo hiyo, mvua ikiwa imekatika na jua limetoka, watu wakisema afadhali leo kumekucha vizuri. Hamad alikuwa amelala, kwa sababu alikesha bandarini akitengeneza mashine ya boti iliyotakiwa kuondoka alfajiri. Tahiya alikuwa jikoni nje, mtoto amemfunga mgongoni kwa kanga, anapika uji. Alisikia kishindo kimoja tu, kisha mabati yakalalama, kisha kimya.

Msabah alipofika, wanaume walikuwa wanaondoa matofali kwa mikono. Akaingia kati yao. Matofali mengi yalikuwa mazima, hayakuvunjika. Kilichotoweka ni udongo wa chini, ulioukimbia ukuta. Alipoweka mkono chini ajishikilie, ulizama mpaka kwenye kiwiko. Hamad walimkuta amelala ubavu, upande wa ukuta, shuka limemfunika mpaka begani, na ilikuwa wazi kwamba hakuwahi hata kuamka.

Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Ndugu zake walifika kutoka Tumbatu na mama yake katikati yao, mwanamke mdogo wa umbo aliyekuwa hatetereki. Msabah alipojitokeza mbele yake kutoa pole, yule mama ndiye aliyemfariji.

"Ni kadari ya Mungu, ndugu yangu," alimwambia. "Usijitese. Mwanangu alikupenda. Kila akija kwetu ni baba mkwe hivi, baba mkwe vile."

Kila mtu alisema vivyo hivyo. Kadari. Mvua za mwaka huu. Bonde lile. Vibarua wake wa siku zote walikuja kumshika mkono, na mmoja akasema kwa sauti kwamba kama si Fundi Msabah kushindilia vile, nyumba ingeanguka mwaka wa kwanza. Hakuna aliyemlaumu, na kila aliyemhurumia alimwacha hoi zaidi.

Tahiya alirudi Kiembe Samaki kukaa eda. Mjane hukaa eda nyumbani kwa mumewe, lakini kwake hapakuwa tena na nyumba, basi akakaa chumba kile kile alimolelewa na kujifungulia, amevaa nguo nyeupe, mtoto mapajani. Hakulia sana. Aliuliza kuhusu mazishi, nani alishuka kaburini, kama watu walikuwa wengi. Msabah alimjibu kutoka mlangoni, akiangalia sakafu.

Siku zilipita, watu wakapungua, na Abdulhakim akaja kutoa pole. Msabah alikuwa msikitini. Mwatima alimkaribisha barazani, chini ya dirisha la chumba cha mwanawe, na kijana akakaa akizungusha kofia yake mikononi.

"Mama, kuna kitu hakinipi usingizi," alisema mwishowe. "Siku ile nilimwambia mzee kwamba atoke mtu mle ndani. Nilimwambia leo leo, asingoje. Nilitakiwa niende kumwambia Hamad mwenyewe. Nilidhani ameshaambiwa."

Mwatima alishika mwimo wa mlango. Ndani ya dirisha, mtoto mapajani mwa Tahiya alikuwa ananyonya kwa sauti ndogo.

Msabah alirudi jua likiwa bado liko juu. Alipopita mbele ya chumba aliitwa.

"Baba."

"Naam."

"Njoo."

Aliingia. Tahiya alikuwa amekaa kitako juu ya mkeka, mgongo umenyooka. Mwatima alikuwa amesimama pembeni na hakugeuka kumtazama mumewe.

"Ulijua?" aliuliza Tahiya.

Neno la kumwokoa lilikuwa pale pale. Watu wote walikuwa wamempa, mama mzazi wa marehemu alimpa, na hata imamu alimpa. Kadari. Msabah alifungua mdomo alitamke, akamwona mjukuu wake amelala na kinywa wazi, na lile neno likamkwama.

"Nilijua," alisema.

"Kabla Hamad hajaja kutuchukua?"

"Kabla."

"Na alipokuuliza, akataka tubaki hapa? Maana aliniambia kama alikuuliza."

"Nilijua, mwanangu."

Tahiya aliinamisha kichwa akamfunika mtoto vizuri, pole pole, kana kwamba baridi ilikuwa imeingia chumbani. Alipokiinua tena hakuwa na chozi.

"Mie siwezi kutoka humu, baba," alisema. "Nna eda ya mume wangu, miezi minne na siku kumi. Ingekuwa naweza, ningeshatoka."

Msabah alikwenda chumbani kwake, akatoa kanzu mbili na kikoi, akavitia ndani ya mfuko. Alipofika mlango wa nje Mwatima alikuwa amesimama pale ameshika kofia ya mumewe. Akampa. Hakumuuliza anakwenda wapi.